Mtoto akisomea ulinzi wa mitandao, anayesoma ni yeye au mashine?

Ni saa tatu usiku, Morogoro. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu yuko nyumbani kwa siku chache na ana ripoti ya maabara ya kuwasilisha Jumatatu. Anasomea ulinzi wa mitandao ya kompyuta. Mama yake, ambaye ni wakala wa fedha za simu, amekaa upande wa pili wa meza anafunga hesabu za siku. Anamwona kijana anaandika swali fupi kwenye kompyuta, na kabla hajamaliza kuhesabu noti za elfu kumi, ukurasa mzima umejaa maelezo.

"Hayo yote umeandika wewe?"

"Hapana, mama. Ni AI. Tumeruhusiwa, tena muhula huu ndiyo somo lenyewe."

Mama anaweka kibunda cha noti chini. "Sasa baba, ada ninalipa usome wewe au isome kompyuta?"

Kijana anacheka. Mama hacheki. Kiwanja cha Kihonda kiliuzwa mwaka wa kwanza kwa sababu mkopo wa Bodi haukutosha, na alikubali kukiuza baada ya kuambiwa kwamba fani hii ina ajira.

Swali la mama huyu linaulizwa katika nyumba nyingi siku hizi. Vyuo vikuu vinaingiza akili mnemba, au AI kama vijana wanavyoiita, ndani ya masomo ya ulinzi wa mitandao. Mzazi anayelipa ada anabaki na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto anasomea kazi ambayo mashine itakuja kuifanya. Ya pili ni kwamba anafundishwa ujanja wa wezi. Hofu zote mbili zina msingi, lakini hasara kubwa huwa inaingilia mlango mwingine, na mzazi anaweza kuiona mapema hata kama hajui kompyuta.

Kinachofundishwa hasa

Mtandao wa benki au hospitali unafanana na stendi kubwa ya mabasi. Data husafiri zikiwa zimegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti ina anwani ya ilikotoka na inakokwenda. Mwanafunzi wa ulinzi wa mitandao hujifunza njia hizo, milango yake, kufuli zake na nani ana ruhusa ya kupita wapi. Kisha hujifunza kumtambua abiria asiye na nia njema.

Njia ya zamani ya kumtambua ni orodha. Kompyuta hupewa alama za mashambulizi yanayojulikana, kama kituo cha polisi kinavyobandika picha za watu wanaotafutwa. Udhaifu wake ni kwamba mwizi mpya hana picha ukutani.

Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Dorothy Denning, alichapisha makala yenye wazo jingine. Kompyuta ichunguze mwenendo wa kawaida wa kila mtumiaji, kisha itoe taarifa mwenendo huo unapobadilika. Mhasibu anayeingia kazini saa mbili asubuhi kila siku akionekana anafungua mafaili mia moja saa tisa usiku, kengele ilie.

Wazo la kompyuta kujifunza mwenendo, basi, halikuanza juzi. Kilichokuja juzi ni nguvu ya mashine na wingi wa data za kuzifundishia. Na tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mashine zinazoandika na kujibu kwa lugha ya watu zimefika kwenye simu ya kila mwanafunzi. Zimefika pia kwenye simu ya kila tapeli.

Ndiyo maana kozi nzuri ya leo hugusa mambo matatu. Kwanza, jinsi ya kutumia akili mnemba kulinda mtandao. Pili, jinsi ya kujikinga na wahalifu wanaoitumia. Tatu, jinsi ya kuilinda akili mnemba yenyewe isidanganywe.

Hilo la tatu ni geni kwa wengi. Chukua mfano wa kampuni iliyoipa programu ya AI kazi ya kusoma barua pepe za wateja na kuzijibu. Mhalifu anatuma barua ya kawaida, lakini ndani yake ameficha sentensi inayoiagiza programu ipuuze maagizo ya bosi wake na imtumie orodha ya wateja. Programu isiyowekewa kinga inaweza kutii, kwa sababu haijui kutofautisha kati ya barua ya kusoma na amri ya kutekeleza.

Mashine iliyokariri mitihani

Maabarani, wanafunzi hupewa faili lenye kumbukumbu za mtandao. Kila mstari ni muunganisho mmoja kati ya kompyuta mbili, na pembeni imeandikwa kama ulikuwa salama au ulikuwa shambulio. Sehemu ya mistari hutumika kuifundisha mashine, na sehemu nyingine hutumika kuipa mtihani.

Faili lililotumika sana duniani linaitwa KDD 99. Liliandaliwa kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1999, na sehemu yake ya kufundishia ina karibu mistari milioni 5. Kila muunganisho umeelezwa kwa sifa 41, kama muda uliochukua, kiasi cha data kilichotumwa na idadi ya mara ambazo mtu alijaribu kuingia akashindwa.

Kwa miaka mingi mashine zilizofundishwa kwa faili hilo zilipata alama za juu sana. Mwaka 2009 watafiti walilichambua na kukuta kwamba karibu asilimia 78 ya mistari ya kufundishia, na asilimia 75 ya mistari ya mtihani, ilikuwa marudio.

Mzazi aliyewahi kumwona mtoto wa darasa la saba akikariri mitihani iliyopita hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto anapata 98 nyumbani, maswali yakibadilishwa kidogo anaduwaa. Mashine nayo ilikuwa imekariri.

Baadaye yaliandaliwa mafaili bora zaidi. Chuo Kikuu cha New Brunswick cha Canada, kwa mfano, kilirekodi mtandao wa majaribio kwa siku tano, kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 7 Julai 2017. Jumatatu nzima hapakuwa na shambulio hata moja. Mashine ilipaswa kwanza kuijua siku ya kawaida ilivyo, ndipo ioneshwe siku ya vurugu.

Somo kama hili ndilo linalostahili ada. Mwanafunzi anaiona mashine ikipata alama za juu, halafu anafundishwa kuuliza zimepatikana kwa mtihani gani.

Hesabu ya kengele

Kuna hesabu moja ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuweza kuifanya kwenye karatasi, na mzazi anaweza kuifuata kwa kikokotozi cha simu.

Tuseme mtandao wa taasisi una miunganisho 1,000,000 kwa siku, na kati ya hiyo 100 ni ya wahalifu. Taasisi inanunua mashine inayopatia mara 99 katika kila 100. Inaonekana ni mashine nzuri.

Kati ya wahalifu 100, mashine inawakamata 99. Lakini kati ya miunganisho 999,900 isiyo na hatia, inakosea asilimia 1, yaani 9,999. Kwa siku moja zinalia kengele 10,098, na za kweli ni 99 tu. Haifiki hata moja katika kila mia.

Kama kila kengele inachukua dakika tano kuichunguza, zinahitajika saa zaidi ya 840. Hiyo ni kazi ya watu zaidi ya 100, kila mmoja akifanya saa nane, kwa kengele za siku moja. Taasisi haina watu hao, kwa hiyo wafanyakazi huanza kuzizima bila kuziangalia. Mwizi wa kweli hupita katikati ya kelele.

Mama wakala anaijua hali hii bila kuingia darasani. Mteja anayetoa shilingi 20,000 kila wiki anakuja jioni moja kutoa 900,000. Mashine ingepiga kengele, na pengine ingekuwa sahihi, kwa sababu huenda simu imeibwa na namba ya siri imejulikana. Lakini mama anamtazama mteja usoni, anauliza mawili matatu, na anakumbuka kwamba mtaa wa pili limefungwa turubai tangu asubuhi. Ni msiba, na zile ni pesa za mazishi.

Kazi ya mlinzi wa mtandao ni hiyohiyo. Mashine inaonesha kwamba kuna kitu kimebadilika. Kwa nini kimebadilika, hilo linatafutwa na mtu anayeujua mtaa. Katika mtandao, kuujua mtaa ni kujua seva ipi inazungumza na ipi, nini hutokea mwisho wa mwezi mishahara inapolipwa, na nani ana sababu ya kuingia usiku.

Mwanafunzi asiyejua hayo ataamini kila kengele au atazipuuza zote. Yule wa kwanza anaweza kuuzima mtandao wa hospitali wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Wa pili anamwachia mwizi aondoke na taarifa zao.

Hapo ndipo ilipo hasara ambayo mzazi anapaswa kuiogopa. Akili mnemba ikifundishwa juu ya msingi huu, inamwongezea mtoto uwezo. Ikifundishwa badala ya msingi, anatoka na cheti na maneno makubwa, na siku kengele ikilia kweli hana la kufanya.

Njia tatu za kupoteza ada

Ya kwanza ni kupita bila kujua. ChatGPT na programu zinazofanana nayo huandika ripoti ya maabara kwa lugha nzuri kuliko ya mwanafunzi. Pia hukosea kwa kujiamini kabisa. Zinaweza kutaja amri ya kompyuta ambayo haipo, au kueleza shambulio ambalo halikutokea. Asiye na msingi hawezi kuona kosa. Wahadhiri makini wamegundua hilo, na baadhi yao humwita mwanafunzi mbele aitetee ripoti yake kwa mdomo au auchore mtandao ubaoni bila kompyuta.

Ya pili ni kumwaga siri. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo anapewa kumbukumbu za mtandao wa ofisi azichunguze. Ili amalize haraka, anazinakili zote na kuziweka kwenye programu ya AI ya kampuni ya nje ya nchi. Ndani yake kuna majina ya wateja, namba za simu na anwani za kompyuta za ndani. Amekuja kulinda ofisi, na yeye mwenyewe ndiye amefungua mlango. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia, na kusema "nilikuwa nafanya zoezi" si kinga.

Ya tatu ni kujaribia mitaani. Kijana amejifunza kupima milango ya kompyuta kwenye maabara iliyotengwa, sasa anataka kujua kama mtandao wa duka la jirani au wa chuo chenyewe una tundu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria kuwa kosa. Aliyeingia "kuangalia tu" bila ruhusa ya mwenye mfumo anaweza kujikuta mahakamani hata kama hakuchukua senti.

Historia ya fani hii ina kijana wa namna hiyo. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliachia kwenye intaneti programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Alisema hakukusudia kuharibu. Lakini programu ilijinakili kupita kiasi, ikarudi mara kwa mara kwenye kompyuta zilezile mpaka zikalemewa. Inakadiriwa kompyuta 6,000 ziliathirika, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000 tu.

Mwaka 1990 alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuja kuwa profesa katika chuo cha MIT, kwa hiyo maisha yake hayakuishia pale. Hata hivyo, si kila familia ina uwezo wa kubeba kesi kama ile.

Tukio hilo ndilo lililofanya kituo cha kwanza cha kushughulikia dharura za kompyuta kianzishwe mwezi huohuo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Vituo vya aina hiyo leo viko katika nchi nyingi. Cha Tanzania kinaitwa TZ-CERT na kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Je, kazi itakuwepo?

Mzazi anastahili jibu la kweli hapa. Agosti 2016 mjini Las Vegas, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, uliandaa mashindano ambayo kompyuta zilishambuliana na kujilinda bila mtu kugusa kitufe. Mshindi, mfumo ulioitwa Mayhem, uliwapatia waliouunda dola milioni 2. Agosti 2025 DARPA ilihitimisha mashindano mengine, ambamo mifumo ya akili mnemba ilitafuta matundu kwenye programu na kuyaziba yenyewe. Kundi lililoshinda lilipata dola milioni 4.

Kwa hiyo ndiyo, sehemu ya kazi inahamia kwa mashine. Zinazotangulia ni zile za kujirudia, kama kupitia kengele kwa mara ya kwanza, kuandika ripoti za kawaida na kukagua orodha ndefu. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo kazi ambazo kijana aliyemaliza chuo hupewa mwanzoni. Anayejua hizo peke yake atapata shida.

Kinachobaki kwa mtu ni kuamua na kuwajibika. Mashine inaweza kushauri mfumo wa malipo uzimwe, lakini haiwezi kusimama mbele ya mkurugenzi na kueleza kwa nini wateja hawakupata pesa zao mchana kutwa. Anayesimama pale ni mtu mwenye jina. Lazima awe anajua alichokifanya, na lazima aweze kukieleza kwa watu wasiojua kompyuta.

Uwezo huo wa kueleza unaweza kujengwa nyumbani.

Maswali ya mezani

Mzazi hahitaji kujua pakiti ni nini ili apime kama mwanawe anasoma. Maswali manne yanatosha, yaulizwe kwa upole wakati wa chakula na si kama mahojiano ya polisi.

Swali la kwanza: "Wiki hii mmejifunza nini? Nieleze kwa Kiswahili." Mwanafunzi aliyeelewa atapata mfano wa dukani, wa stendi au wa shambani. Ambaye hajaelewa atarusha maneno ya Kiingereza mfululizo, kisha atasema, "Mama, hayo huwezi kuyaelewa."

Swali la pili: "Mashine ilikosea wapi?" Anayefanya kazi mwenyewe atakuwa na kisa cha kusimulia. Anayesema haikosei hajaikagua.

Swali la tatu: "Ungeifanya bila hiyo mashine?" Jibu si lazima liwe ndiyo kwa kila kitu. Lakini kuchora mtandao mdogo, kufanya hesabu ya kengele na kusoma mstari mmoja wa kumbukumbu za mtandao ni mambo anayopaswa kuyaweza kwa kalamu.

Swali la nne: "Mnapofanya majaribio ya kuingia kwenye mifumo, ruhusa inatoka kwa nani?" Jibu zuri litataja maabara iliyotengwa au ruhusa ya maandishi. Jibu la kukwepa lipewe uzito ambao mzazi angelipa akisikia mtoto anarudi usiku na pikipiki ya watu.

Kwa familia ambayo mtoto bado anachagua kozi, yapo mambo ya kuuliza chuoni kabla ya kulipa. Majina ya shahada hutofautiana. Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano, kinaunganisha usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali katika shahada moja ya uhandisi. Jina peke yake halimwambii mzazi mengi. Aulize kama kuna maabara ya vitendo, kama hisabati na takwimu zinafundishwa kabla ya akili mnemba, na kama kuna mtihani ambao mwanafunzi hufanya bila msaada wa mashine. Mtoto aliyekimbia hisabati akidhani kompyuta itamfanyia atakutana nayo tena humu.

Kuhusu vifaa, hakuna haja ya kukopa ili kununua programu. Zana kubwa za kujifunzia, kama Wireshark ya kutazama pakiti, Snort ya kutambua mashambulizi na lugha ya Python ya kuandikia programu za akili mnemba, zinapatikana bure. Fedha iende kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha na kwenye bando.

Mteja wa kwanza ni nyumbani

Kuna jambo ambalo mwanafunzi wa fani hii anaweza kulifanya kabla hajamaliza chuo, nalo ni kuilinda familia yake. Akili mnemba sasa inaiga sauti na sura. Mwaka 2024 ilifahamika kwamba mfanyakazi wa idara ya fedha huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video na watu aliodhani ni wakubwa zake. Wote aliowaona kwenye kioo walikuwa wa kughushi.

Watanzania wamezoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku tapeli atakapopiga kwa sauti ya mtoto aliye chuoni akilia kwamba amelazwa, mzazi wengi watatuma kwanza na kuuliza baadaye. Familia ikubaliane leo neno moja la siri ambalo halijaandikwa popote. Simu ya dharura ikija, mzazi aulize neno hilo, au akate na kupiga namba anayoijua ya mtoto au ya rafiki yake. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, na kila mmoja apige *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mwanafunzi anayeweza kumfundisha bibi yake hayo mpaka bibi akayafuata ameshaanza kazi aliyoisomea.

Tukirudi kwenye ile meza ya Morogoro, mama hakuendelea kugomba. Aliuliza ile ripoti inahusu nini. Kijana akamsomea: katika faili la mazoezi, kompyuta moja ilionekana ikituma data nyingi sana usiku, na AI imeeleza kwamba huo ni wizi wa data.

"Saa ngapi usiku?" mama aliuliza.

"Saa nane."

"Usiku huo tu, au kila siku?"

Kijana alikuwa ameipa mashine mistari ya usiku mmoja. Alifungua faili lote, akashuka nalo taratibu. Saa nane usiku, Jumatatu. Saa nane, Jumanne. Saa nane, Jumatano, kompyuta ileile, kwenda seva ileile ya ndani. Alinyamaza kidogo.

"Ni nakala za akiba, mama. Kila usiku wanahifadhi kazi za siku nzima."

"Kumbe si mwizi."

"Si mwizi."

Alifuta ukurasa wote, akavuta daftari na kuanza kuuchora mtandao kwa kalamu ya risasi. Mama alimaliza hesabu zake, akafunga pesa kwenye mfuko na kwenda kulala. Taa ya sebuleni aliiacha inawaka.